Mama mkwe anamlaumu dada wa kazi, mimi nahisi ni kunguni

Shikamoo anti,

Natumaini u mzima. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Tumepanga vyumba viwili na sebule kwenye nyumba yenye familia nyingine tatu. Kuta za ndani hazijafika juu kabisa, jirani akikaanga vitunguu sisi tunajua, na akikohoa usiku tunamsikia.

Tangu katikati ya mwezi wa nane mtoto wangu wa pili, yuko darasa la tatu, anaamka na vipele vinavyowasha. Vinakuja vitatu au vinne vimefuatana mkononi, siku nyingine shingoni, na anajikuna mpaka ngozi inachubuka. Mimi navipata kwenye viwiko, na mgongoni pale nguo inapopanda. Baba yao hana hata kimoja, na tunalala kitanda kimoja. Yeye anasema ni mbu tu. Mbu gani hao, anti, wakati chandarua nakichomekea mwenyewe kila usiku?

Nilimpeleka mtoto zahanati, wakaniambia ni aleji, wakanipa krimu na dawa ya maji. Nikabadilisha sabuni ya kufulia. Alipata nafuu siku mbili tatu, kisha vipele vikarudi.

Sasa kuna jambo linaloninyima usingizi kuliko huo muwasho. Mwishoni mwa mwezi wa saba tulipata dada wa kazi, binti mtulivu kutoka Singida. Baadaye mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Tanga, na wote wawili wanalala chumba cha watoto. Mama mkwe alipoona vipele vya mjukuu wake akapiga hesabu: kabla ya binti kuja hapakuwa na vipele, binti kaja na begi lake, wiki mbili tu vipele hivi hapa. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Juzi alilitoa lile begi uani, akazimwaga nguo chini majirani wakiangalia. Binti alilia mpaka nikashindwa kumtazama. Mama mkwe anataka aondoke mwisho wa mwezi huu wa tisa. Mume wangu yuko kimya, ni mama yake.

Mimi kimoyomoyo nilikumbuka kwamba mwezi wa tano tulinunua sofa la mtumba kwa familia iliyokuwa inahama, na mwezi wa sita mkubwa wetu alikuja likizo na tranka lake la shule ya bweni. Lakini sikuthubutu kusema.

Nilianza kuwaza kunguni nilipoona vinukta vyeusi kwenye kona ya chandarua, pale kinapofungwa mchana. Nilidhani ni uchafu wa inzi, nikavisugua, havikutoka vyote. Kwenye shuka niliwahi kuona doa dogo la damu, na hakuna aliyekuwa na kidonda. Lakini mdudu mwenyewe sijamwona. Kuna usiku niliwasha taa ghafla nikafunua shuka, hamna kitu.

Nilikwenda duka la dawa za kilimo nikajifanya namuulizia rafiki. Muuzaji akaniuzia vidonge vya kuhifadhia mahindi, akasema niviweke chini ya godoro, nifunge madirisha, tutoke kutwa nzima, tukirudi kila kitu kitakuwa kimekufa. Viko juu ya kabati, nasubiri siku ambayo watu wote watatoka.

Anti, nitajuaje kwa hakika kama ni kunguni? Ni kweli wanaletwa na uchafu? Mimi nyumba yangu nasafisha kila siku, naona aibu hata kuwauliza majirani. Sitaki kumfukuza mtoto wa watu kwa kosa lisilo lake, na sitaki kugombana na mama mkwe.

Mama wa Watatu, Mbagala

Marahaba mwanangu,

Vidonge hivyo visiingie chini ya godoro, leo wala siku yoyote. Hiyo ni dawa ya ghalani. Ndani yake mna fosfaidi ya alumini, ambayo ikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo huua watu sawasawa na inavyoua wadudu. Wewe mwenyewe umeniambia kuta zenu hazijafika juu. Mkitoka nyinyi, jirani aliyelala na mtoto wake upande wa pili hajatoka. Tena mkirudi jioni gesi yaweza kuwa bado inatoka polepole ndani ya godoro, na anayeivuta hana dawa maalumu ya kuivunja nguvu mwilini. Hospitali wanabaki kumsaidia apumue na kuomba Mungu. Usivifungue, usivitupe chooni wala kwenye maji, maana maji ndiyo yanayoichochea. Vitoe ndani leo hii vikiwa vimefungwa kama vilivyo, uviweke pakavu nje ya nyumba mahali mtoto hafiki, kesho asubuhi virudishwe vilikotoka. Hilo likishafanyika ndipo uendelee kusoma barua hii.

Umeniuliza utajuaje. Kwanza acha kuiuliza ngozi. Vipele vinavyofuatana mstari huwatia watu shaka ya kunguni, na shaka hiyo ina msingi, lakini hakuna daktari anayeweza kutazama kipele peke yake akakuapia ni cha kunguni na si cha mbu au kiroboto. Kunguni anapouma huingiza mate yanayozuia damu isigande, na kinachowasha ni namna mwili unavyoyakataa mate hayo. Miili haifanani. Mumeo anaweza kuumwa usiku kucha asipate hata alama moja. Watu wa namna hiyo wapo wengi, na ndio maana katika nyumba nyingi mmoja analalamika na mwenzake anamwona mzushi. Alama zenyewe pia huchelewa. Mtu ambaye hajawahi kuumwa na kunguni anaweza kukaa hadi wiki mbili ndipo ngozi yake ianze kuvimba. Kwa hiyo siku vipele vilipoonekana si siku kunguni walipoingia. Nitalirudia hili nikifika kwa mama mkwe. Na zahanati hawakukosea walipotaja aleji, kwa kuwa muwasho ule ni aleji kweli, ila ya nini, hilo halionekani kwenye chumba cha daktari. Linaonekana chumbani kwako.

Basi tukakague. Chagua siku mumeo yupo, akusaidie kuinua godoro. Uwe na tochi (ya simu inatosha), kipande cha selotepu, pamba iliyoloweshwa maji kidogo, na kadi ya plastiki ambayo huitumii, ya kupitisha kwenye nyufa. Mchana unafaa kwa kutafuta alama. Ukitaka kumwona mdudu akitembea, amka kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, umulike taratibu. Usivunjike moyo kwa sababu ya ule usiku uliowasha taa ukakuta hamna kitu. Kunguni hakai mwilini kama chawa. Anatoka mafichoni, ananyonya kwa dakika tano hadi kumi, anarudi alikotoka, na kisha anaweza kukaa siku kadhaa bila kutoka tena. Saa nyingi za maisha yake amejibana kwenye ufa.

Anza na chandarua, kwa sababu hapo tayari umeona kitu. Vinukta ulivyovisugua ndivyo alama kubwa kuliko zote. Kinyesi cha kunguni ni damu iliyosagwa. Hutoka majimaji, hunywewa na kitambaa na kusambaa kidogo pembeni, kama nukta ya maka peni kwenye shuka. Cha inzi hukaa juu juu na huonekana popote, hata kwenye waya wa taa. Cha kunguni hujikusanya penye maficho: kona, pindo, fundo la kamba, mshono wa juu wa chandarua. Kipitishie pamba yenye maji. Kikiacha rangi ya kahawia au wekundu uliofifia, hiyo ni damu. Mende wadogo nao huacha vinukta, lakini vyao kwa kawaida ni vikavu, vinapukutika ukivigusa, na vingi utavikuta karibu na chakula, jikoni na nyuma ya friji.

Kisha ondoa shuka, utazame mishono ya godoro pande zote nne, zile kingo zilizoviringwa, chini ya lebo, na zipu ya kava kama lipo. Zipu ni mahali ambapo watu husahau. Geuza godoro. Sasa njoo kwenye chaga, na hapa usiwe na haraka, maana vitanda vyetu vya mbao ndivyo makazi yenyewe. Toa chaga moja moja utazame zile ncha zinazolala kwenye ubao wa pembeni. Mulika matundu ya skrubu na bolti, maungio ya miguu, nyuma ya ubao wa kichwani, na kila mahali fundi alipoacha ufa. Pitisha kadi ndani ya ufa, kisha uiangalie imetoka na nini.

Unatafuta vitu vinne. Kuna hivyo vinukta. Kuna magamba: kunguni hukua kwa kujivua gamba mara tano, na kila mara ni lazima awe amenyonya damu kwanza. Gamba lina umbo la mdudu mzima ila ni tupu, jepesi, rangi ya majani makavu, na ukilipuliza linaruka. Kuna mayai, meupe, marefu kidogo, milimita moja tu, yamegandishwa kwenye mbao hayadondoki ukiyapangusa. Na kuna wadudu wenyewe. Mkubwa ana milimita 5 hadi 7, mdogo kuliko mbegu ya chungwa, bapa, kahawia, miguu sita, hana mabawa na haruki. Akishiba anavimba, anarefuka na kuwa mwekundu. Wengi hutafuta huyo mkubwa tu na kuwapita watoto, ambao wakiwa hawajanyonya wamefifia kiasi cha kutoonekana juu ya shuka nyeupe. Doa la damu uliloona laweza kuwa mmoja aliyeshiba mkamlalia. Harufu pia ipo, nzito, ya utamu uliochacha, lakini ukishaisikia bila kuinama ujue wamekuwa wengi sana, kwa hiyo usiisubiri.

Ukimpata mmoja, mnase na selotepu umbandike kwenye karatasi. Utamhitaji.

Rudia kazi hiyo hiyo chumba cha watoto, kitandani kwa mama mkwe na kwa binti, na uwatazamie wote kwa usawa. Kisha sebuleni. Lile sofa mlipindue. Chini yake kuna kitambaa chepesi, aghalabu cheusi, kilichopigwa pini kwenye mbao. Kibandue upande mmoja umulike ndani, kwenye kona za fremu na penye pini. Ingiza kadi pale kiti kinapokutana na mgongo. Kama mmoja wenu huwa anasinzia hapo akiangalia taarifa ya habari, sofa ni kitanda tosha kwa kunguni. Tranka la mkubwa sasa liko shule, lakini muulize mwenye zamu bwenini, au mtoto mwenyewe akipiga simu, kama wenzake wanajikuna. Mabweni ni mahali watoto hulala kwa ukaribu na mizigo hukaa pamoja, kunguni mmoja akiingia husafiri mikoa yote siku ya kufunga shule. Malizia kwa mapazia, nyuma ya picha ukutani, na soketi zilizo karibu na vitanda, ila hizo zimulike tu, usichokonoe.

Neno moja kuhusu wadudu wengine, kwa sababu ukikosea mdudu utakosea na dawa. Mama mkwe huenda akataja papasi, na kwa umri wake ana sababu ya kuwaogopa. Papasi ni jamii ya kupe, ana miguu minane, ngozi yake ina mikunjo, hukaa kwenye vumbi la sakafu na nyufa za nyumba za udongo, na huambukiza homa inayokuja na kuondoka. Ukimwona mdudu wa miguu minane, au mtu akapata homa, hiyo ni safari ya hospitali. Kunguni hajathibitika kuambukiza watu ugonjwa. Balaa lake ni muwasho, vidonda vya kujikuna na usingizi kupotea, na hayo yanatosha kumkonda mtoto. Viroboto huuma zaidi miguuni na huruka ukiwasogelea. Na kama mtoto anawashwa katikati ya vidole, viganjani, kiunoni na sehemu za siri, na nyote mnaanza kujikuna hivyo hivyo, mrudishe zahanati waangalie ule ugonjwa wa ngozi uitwao upele, ambao hutibiwa kwa familia nzima siku moja.

Usipopata kitu chochote, usiseme hamna. Sogeza kitanda kisiguse ukuta, shuka na chandarua visiburuzike sakafuni, na kila mguu wa kitanda usimame ndani ya bakuli la plastiki lenye maji ya sabuni. Maji ni muhimu. Ukanda wetu wa joto una kunguni wa aina yake, na huyu hupanda plastiki laini kwa urahisi kuliko ndugu yake wa nchi za baridi, kwa hiyo bakuli tupu analitoka. Badilisha maji kila siku, mbu wasitagie. Atakayekuwa anakuja kutoka ukutani utamkuta humo asubuhi moja katika wiki zitakazofuata.

Sasa hesabu ya mama mkwe. Amehesabu siku za vipele, na nimekueleza vipele huchelewa. Wewe hesabu magamba. Kwa joto la Dar es Salaam, tangu yai hadi kunguni mzima ni mwezi mmoja hadi miwili, kama wanapata wa kumnyonya kila wakati. Binti hajatimiza hata miezi miwili hapo kwenu. Ukikuta kwenye chaga vinukta vimerundikana tabaka juu ya tabaka, magamba ya kila ukubwa na wakubwa wengi, hiyo yaelekea ni jamii iliyokuwepo kabla binti hajapanda basi la kuja Dar. Na kama kwenye sofa ndiko kumejaa na kwenye kitanda chake ni wachache, jibu umelipata. Hata wakikutwa kwenye begi lake pekee, bado si kosa lake. Kunguni husafiri kwenye mshono wa begi, na mabasi yote, la Singida na la Tanga, yana viti na buti za mizigo. Hili la Tanga usimwambie mama mkwe hivyo nilivyoliandika. Lakini begi lake nalo likaguliwe, pamoja na la mumeo na la kwako, siku moja, mbele ya wote, bila kumwaga nguo ya mtu uani.

Umeuliza kuhusu uchafu. Kunguni anakula damu, na damu ya anayepiga deki mara tatu kwa siku ni tamu kwake vile vile. Nyumba iliyojaa vitu humpa maficho mengi, basi. Mwaka 2023 jiji la Paris lilitikisika kwa habari za kunguni, watu wakapiga picha viti vya treni na vya kumbi za sinema, serikali ikaitisha vikao. Hakuna aliyesema Wafaransa hawaogi. Kwa hiyo shusha hiyo aibu, kwa sababu ndiyo inayokuzuia kuwaambia majirani, na katika nyumba ya dari moja kunguni unayemficha anahamia kwao na kurudi kwako wiki ijayo.

Na mama mkwe usimpinge, mpe kazi. Mumeo ndiye wa kuzungumza na mama yake kuhusu lile la begi, faraghani, kwa heshima, na amweleze kwamba binti wa watu akiondoka kwa kashfa hiyo mtaani ataandamwa nayo. Asimwachie mkewe mzigo huo. Wewe nenda na ile karatasi yenye selotepu umwambie, mama, tumewapata, zamani nyinyi mlifanyaje? Watu wa rika lake walitoa vitanda vya kamba uani wakavimwagia maji ya moto, na hadi leo maji ya moto hayajapata mpinzani. Muulize pia kuhusu vyandarua. Huko kwao, kaskazini mashariki ya nchi, vyandarua vyenye dawa vilipoanza kutumika vijijini watu walifurahi kwamba hata kunguni wamepotea. Baada ya miaka michache wakarudi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha wamekuwa sugu kwa dawa za kundi la pairethroidi, kundi lile lile linalowekwa kwenye vyandarua na kwenye makopo mengi ya kupulizia tunayonunua dukani. Yeye yaweza kuwa aliyaona kwa macho. Mwache asimulie. Wazee wana mengi: huko Balkani, Ulaya, walikuwa wanatandaza majani ya maharage sakafuni usiku na kuyachoma asubuhi pamoja na kunguni walionasa, na mwaka 2013 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba vinywele vilivyopinda vya majani hayo huchoma kweli miguu ya kunguni.

Binti naye anadaiwa neno. Mwite jikoni, umwambie kwamba yeye amekosewa na wewe umesikitika, na umuulize kama yeye haumwi, maana analala humo humo na pengine anajikuna kimya kimya akiogopa kusema.

Mkishathibitisha, msihame chumba. Mkikimbilia sebuleni kulala, watawafuata huko. Shuka, foronya, mapazia na nguo za kulalia zifungeni ndani ya mfuko humo humo chumbani kabla ya kuzitoa, zimwagiwe maji yanayochemka kwenye beseni, zifunikwe nusu saa, zifuliwe, zianikwe juani, zipigwe pasi hasa kwenye mishono. Chaga na fremu zitoke nje zimwagiwe maji ya moto ufa kwa ufa. Kuanika godoro peke yake hakutoshi, kwa kuwa wanahamia upande wenye kivuli na kungoja lirudi ndani. Chandarua usikitie maji ya moto: kifue kwa maji ya kawaida na sabuni ya mche, ukianike kivulini, dawa yake isiharibike, na kirudi kitandani jioni hiyo hiyo. Kuna watu wameacha vyandarua wakiamini vinaleta kunguni, wakabaki na kunguni na malaria juu yake. Mafuta ya taa na petroli kwenye kitanda ni moto unaosubiri kiberiti, na dawa ya kuogeshea mifugo haimfai mtoto wa miezi wala miaka. Makopo ya kupulizia hewani nayo huwatawanya tu waingie ndani zaidi ya kuta.

Mkiita mpulizaji, mwambieni mwenye nyumba na majirani, vyumba vyote vifanywe siku moja. Muulizeni anatumia dawa gani, aonyeshe chupa yenye namba ya usajili na maelekezo ya kutumia ndani ya nyumba, na asiondoke kabla ya kupanga nanyi siku ya kurudi baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu mayai mengi huponea pulizo la kwanza na kuanguliwa baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Anayesema mara moja inatosha, mwambieni asante, mtafute mwingine. Sofa, kama ndilo lililojaa na mmeamua kuliacha, lichaneni vitambaa kabla ya kulitoa nje, mtu mwingine asilibebe akidhani kapata bahati.

Halafu tandika shuka nyeupe vitanda vyote na ukague mishono kila Jumamosi. Kipele kipya bila nukta mpya kinaweza kuwa mbu. Nukta mpya, hata moja, mpulizaji arudi. Zikipita wiki nane bila nukta, gamba wala kitu kwenye mabakuli, toa mabakuli chini ya vitanda.

Anti